Kitabu cha Marehemu na Namba ya Ubatizo: Kuutafuta Ukoo katika Parokia za Mwambao, Kabezi hadi Rumonge

Mada iliyotolewa kwa makatibu wa parokia, makatekista na maofisa wa usajili wa raia, Kabezi

Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyoweza kuitafuta asili ya familia yake kwa kumbukumbu za parokia na za mazishi. Barua ya mwaliko inanitaka nianze na maana ya maneno. Nitatii, ila sitakaa hapo.

Maana ya maneno

Kumbukumbu za parokia ni vitabu tunavyovijua sote: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha marehemu. Desturi hii ilipata nguvu baada ya Mtaguso wa Trento, uliomalizika 1563, na kitabu cha ibada cha Roma cha 1614 kikaweka utaratibu wa kuviandika. Leo tunaongozwa na kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa ya 1983, inayoitaka kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu, na vingine vinavyoagizwa na maaskofu, na ivitunze, na kanuni ya 1182, inayosema mazishi yakiisha yaandikwe kitabuni. Kumbukumbu za mazishi ni kitabu hicho cha marehemu, daftari la vifo la tarafa, msalaba wenye jina pale ulipobaki, na kwetu sisi pia yale yanayosemwa siku ya kuganduka, msiba unapoondolewa na familia ikataja warithi na madeni mbele ya watu. Ukoo sina haja ya kuufafanua. Kila mmoja anaujua wake, au anadhani anaujua.

Vitabu vilikotoka

Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879. Tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa, na misheni ikafungwa. Kwa hiyo akija mtu ofisini akisema babu wa babu yake alibatizwa Rumonge tangu mwanzo, mwambieni kwa upole kwamba mwanzo ule haukufika hata miaka miwili. Vitabu vinavyotufaa vinaanzia milimani, na kwa watu wa upande huu mara nyingi safari huanzia Buhonga, misheni iliyofunguliwa 1902. Anayetaka taarifa na shajara za mapadri wa miaka ile akumbuke kwamba Urundi, yaani Burundi ya leo, ilipata vikariati yake 1922 tu. Kabla ya hapo ilihesabiwa chini ya Unyanyembe, kisha chini ya Kivu. Karatasi nyingi za shirika ziko Roma.

Jambo lingine la kumwambia mgeni huyo ni kwamba mwambao wenyewe umehama. Malale yalipoenea kando ya Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani waliwaondoa watu wengi ufukweni. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji wakaanza kuwateremsha wengine kutoka milimani kuja kulima tambarare ya Imbo katika mashamba yaliyopimwa. Mtu wa Kabezi leo si lazima babu yake awe katika kitabu cha Kabezi, wala bibi wa Rumonge katika cha Rumonge.

Na wapo wasiomo katika kitabu chochote. Jiwe la Mugere linatukumbusha kwamba Livingstone na Stanley walilala hapa tarehe 25 Novemba 1871. Mwenyeji wao, chifu Mukamba, jina lake limeandikwa. Watu wake waliochota maji na kupika usiku ule hawakuandikwa popote.

Tatizo lenyewe

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na nawaomba waandaaji wanivumilie wakiona saa inakwenda.

Kwetu jina halirithiwi. Baba anaitwa Ndayizeye, mtoto wa kwanza Niyonzima, wanaofuata ni pacha Bukuru na Butoyi, na baada yao Ciza. Ndugu wa tumbo moja, na hakuna jina la pamoja linalowaunganisha. Mtafiti wa Ufaransa hushika jina moja la ukoo akateremka nalo karne tatu kutoka kitabu hadi kitabu. Sisi jina hilo halitupeleki hata kizazi kimoja. Lina msaada wake, sikatai: ukimkuta Minani, ujue wapo saba waliomtangulia, uwatafute, ukimkuta Ciza, wapo pacha kurasa chache nyuma. Lakini mzazi wa Minani ni nani, jina haliwezi kukuambia.

Kinachomwambia mtafiti ni safu ya wazazi, hiyo peke yake. Katika kitabu cha ubatizo ipo, na kwa kawaida imejazwa: namba, tarehe, jina, baba, mama, msimamizi, kilima, saini ya padri, na pembeni nafasi ya kuandika kipaimara na ndoa. Ukurasa kama huo ni mali. Mtu akioa Rumonge naye alibatizwa Kabezi, paroko wa Rumonge anawajibika kutuma taarifa Kabezi ili ndoa iandikwe pembeni mwa ubatizo wake. Taarifa nyingine zinapotea njiani, nyingine zinakaa ndani ya bahasha katikati ya kitabu mpaka mchwa wanazifikia; hata hivyo sheria ipo na wengi wanaifuata.

Sasa fungueni kitabu cha marehemu. Natoa mfano wa kubuni, lakini nadhani kila katibu aliyeko hapa atautambua mwandiko: "Maria, kikongwe, wa Mugere, amezikwa Jumanne." Basi. Maria yupi? Mke wa nani, binti wa nani? Alibatizwa wapi, mwaka gani? Katika parokia ambayo nusu ya akina mama wazee ni Maria, mstari huo haumtambulishi mtu yeyote. Umechukua wino na nafasi, na mjukuu akija miaka arobaini baadaye atasoma majina sita ya Maria na kuondoka na mashaka sita.

Kwa nini iwe hivyo? Nimelifikiria hili kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba kanuni yenyewe iliacha mwanya. Sheria inataka ndoa irudi kwenye kitabu cha ubatizo kwa kuwa Kanisa linaogopa mtu kuoa mara mbili. Marehemu haoi tena. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kisheria ya kukirudisha kifo chake kwenye ubatizo wake, kwa hiyo hakuna aliyekirudisha. Juu ya hapo kuna hali zetu. Mazishi mengi anayaongoza katekista kilimani, marehemu anazikwa siku hiyohiyo au ya pili yake, habari inafika parokiani Jumapili kwa mdomo au kwa kipande cha karatasi, na katibu, ambaye mara nyingi analipwa kidogo au halipwi kabisa, anaandika mwisho wa mwezi alichokumbuka. Simlaumu. Namlaumu aliyechapisha kitabu kisicho na safu ya baba, mama na namba ya ubatizo, akatuuzia kwa bei ya kitabu kamili. Na sisi tuliokinunua mwaka hadi mwaka tuna sehemu yetu.

Ndugu zetu Waislamu wa Rumonge hawana kitabu cha ubatizo, na wao pia huzika haraka. Lakini mzee wao ni Juma bin Ramadhani bin Selemani, na akizikwa, watatu wametajwa kwa pumzi moja. Mwenye vitabu hana mnyororo wa majina, asiye na vitabu anao mdomoni. Hilo hunikera kila ninapofunga sanduku la kumbukumbu. Kwa Wapentekoste shida ni nyingine: wanabatiza watu wazima, hivyo kitabu hakisemi lolote juu ya kuzaliwa.

Mtaniuliza jambo hili linamhusu nani zaidi ya wenye hamu ya kujua mababu. Linamhusu mwenye shamba. Waliokimbia mauaji ya 1972 kwenda Ulyankulu, Katumba na Mishamo walibatiza watoto wao huko Tanzania. Vitabu vya Katumba na Mishamo vimo katika Jimbo la Mpanda, vya Ulyankulu katika Jimbo Kuu la Tabora. Kule mtoto huulizwa jina la baba, na wengi wakaanza kulibeba kama jina lao la pili. Waliorudi kuanzia 2008 walirudi na majina tofauti na yale ambayo jirani aliyebaki anawajua nayo. Kesi za ardhi za Rumonge na Nyanza-Lac, zilizoijaza meza ya Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine tangu 2006, mara nyingi zilikwama kwenye swali dogo: huyu ni mwana wa yule? Kitabu cha ubatizo kinaweza kujibu. Kitabu cha marehemu kingeweza kusema yule alifariki lini na alizikwa wapi, kama kingekuwa na namba.

Hapa naongea kwa tahadhari. Kuna waliouawa 1972 na baada ya 1993 ambao hawakuzikwa na padri wala katekista, na hawamo kitabuni. Tume ya Ukweli na Maridhiano ina kazi yake. Mwaka 2020 ilitangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000 kutoka makaburi ya pamoja ya Karuzi. Kazi hiyo si yetu. Yetu ni kuhakikisha mkono wa leo hauongezi jina kwenye ukurasa wa zamani. Asiandikwe mtu katika mwaka ambao hakuandikwa, hata familia ikiomba kwa machozi. Kuna njia nyingine ya kupokea ushuhuda wao, nitaitaja.

Mapendekezo

Kwanza, na hili ndilo mengine yote yanalitegemea: kila mstari wa kitabu cha marehemu uwe na baba, mama na namba ya ubatizo pamoja na parokia yake. Namba isipojulikana iandikwe "haijulikani", pasiachwe wazi. Nafasi tupu haisemi kama katibu alitafuta au la.

Pili, katekista apewe kijidaftari cha mazishi chenye safu hizohizo, akijaze kwenye kikao cha msiba, mbele ya wazee wa familia, kabla watu hawajatawanyika. Wazee wakiwa pamoja wanakumbushana, na akikosea mmoja wengine wanamrekebisha.

Tatu, kifo kirudishwe pembeni mwa ubatizo, kama ndoa inavyorudishwa. Aliyezikwa Kabezi lakini alibatizwa Buhonga, taarifa ipande Buhonga. Sheria haitulazimishi, haitukatazi pia, na askofu wa jimbo anaweza kuliagiza.

Nne, majina ya wazazi yaandikwe yote, la Kikristo na la Kirundi. "Mama: Maria" si jibu. Nimeshalisema na nitalisema tena mkiniita tena.

Tano, siku ya kuganduka familia iombwe nakala ya maneno yake, iwekwe kwenye faili la parokia. Faili hilo ndilo nililolitaja: pale ndipo uhifadhiwe ushuhuda wa wasioandikwa, ukiwa na tarehe ya leo na jina la anayetoa, mbali na vitabu vya sakramenti.

Sita, vitabu vipigwe picha, kwa idhini ya askofu, na picha zibaki mikononi mwa jimbo. Wageni wanaojitolea kupiga picha bure wasikabidhiwe kitabu na mtu wa ofisi. Barua ya Vatican ya tarehe 5 Aprili 2008 iliwaelekeza maaskofu wasiwape Genealogical Society of Utah, shirika la Wamormoni, vitabu vya parokia; sababu zake zinaweza kujadiliwa, lakini uamuzi si wa katibu.

Saba, anayetafuta ukoo apewe dondoo la mstari unaomhusu, asifunguliwe kitabu kizima. Kuna ubatizo ambao baba hakutajwa, na mama huyo huenda bado anakaa jirani na huyo anayesoma.

Nane, maofisa wa usajili. Mwaka 2025 tarafa 119 zimekuwa 42 na mikoa 18 imekuwa mitano. Kila ofisi inapohama kuna madaftari yanayobaki sakafuni. Madaftari ya vifo yaorodheshwe kabla ya kupakiwa na yahesabiwe yakishushwa, na orodha iwe na saini mbili. Jina la tarafa ya zamani libaki kwenye jalada, kwa sababu mtafutaji atakuja nalo.

Tisa, makatibu walipwe. Sina la kuongeza.

Kumi ni la kwanza tena: baba, mama, namba ya ubatizo. Parokia ambayo bado ina kitabu cha zamani isisubiri kipya. Ichukue rula na kupiga mistari mitatu kwenye nafasi ya maelezo, kwa kalamu ya wino usiofutika. Vielelezo vya safu hizo viko mezani kwa katibu wa semina. Mwenye kitabu kilichopangwa kwa namna nyingine akilete baada ya chakula tuone nafasi itapatikana wapi.