Mzani wa Haki Katika Michezo ya Simu: Mazungumzo na Wananchi wa Nachingwea na Ruangwa



Huenda baadhi yenu mnashangaa kuona taasisi ya umma ikija kuzungumzia michezo ya simu, ilhali yapo masuala ya pembejeo na ya bei ya ufuta. Tunaomba mtuvumilie. Simu anayochezea kijana usiku ndiyo inayopokea ujumbe wa malipo ya korosho, ndiyo inayotunza akiba ya mama, na ndiyo inayolipia mahitaji ya shule. Kinachoingia humo kwa jina la mchezo chaweza kutoka na fedha ya nyumba nzima. Hilo ndilo lililotuleta.

Ushindani usio wa haki si jambo geni kwenu. Wilaya hizi zinaijua kangomba: mnunuzi humfuata mkulima kijijini, hupima korosho kwa chombo chake mwenyewe, na mkulima mwenye shida ya haraka hukubali. Mfumo wa stakabadhi ghalani, pamoja na minada ya hadhara inayosimamiwa na vyama vya ushirika kama RUNALI, uliwekwa ili mzani uwe mmoja na bei ionekane na wote. Mchezo wa ushindani nao una mzani wake. Anayeuchezea humpunja mwenzake, hata kama kilichopunjwa hakiwekwi katika gunia.

Michezo tunayoizungumzia ni kama Free Fire ya kampuni ya Garena, PUBG Mobile, Call of Duty: Mobile na eFootball ya kampuni ya Konami. Humo, kijana aliye Nachingwea mjini hukutanishwa na mwenzake wa Mwanza, Nairobi au kwingineko. Kuipakua michezo hii ni bure, lakini kuicheza kuna gharama. Kuna bando la intaneti, na kuna almasi au sarafu za mchezo zinazonunuliwa kwa fedha halisi. Basi mchezaji ni mlaji kama mlaji mwingine yeyote. Anayo haki ya kupata huduma salama, ya kupewa taarifa za kweli na ya kusikilizwa anapolalamika.

Hila zinazoharibu michezo hii ni za namna nyingi. Ipo programu inayolenga shabaha kwa niaba ya mchezaji, na ipo inayomwonyesha adui aliyejificha nyuma ya ukuta. Wapo wanaokata intaneti makusudi wanapoona wanafungwa, ili mechi ivunjike. Wapo wanaomlipa mtu mwingine awachezee na kuwapandisha daraja, kisha hujionyesha kwa cheo wasichokitolea jasho. Na wapo wanaojifanya maadui ndani ya mchezo, kumbe wamekubaliana pembeni kuwamaliza wengine kwanza.

Ni vyema kufahamu kwa nini baadhi ya hila hizi hufanya kazi na nyingine haziwezi kamwe. Ili simu ichore picha ya mpinzani, ni lazima kwanza ipokee taarifa ya mahali alipo. Programu ya hila huiba taarifa hiyo na kumpa mchezaji kile ambacho macho yake hayakupaswa kukiona. Almasi ni habari nyingine. Hesabu yake haikai ndani ya simu. Inatunzwa katika seva ya kampuni yenye mchezo, kama salio la benki linavyotunzwa benki na si katika kadi. Kwa hiyo yeyote anayetangaza programu ya kuzalisha almasi za bure anatangaza uongo. Anachokitaka ni jina na nywila ya akaunti yako, au nafasi ya kuingia katika simu yako.

Hapa ndipo hatari inapovuka mipaka ya mchezo. Programu hizi hazipatikani katika duka rasmi la programu. Husambazwa katika makundi ya WhatsApp na Telegram, au huhamishwa kutoka simu moja hadi nyingine kijiweni. Kabla ya kuipakia, kijana huelekezwa azime ulinzi wa simu. Kisha programu huomba ruhusa moja baada ya nyingine: isome ujumbe mfupi, ionekane juu ya programu nyingine, itawale skrini. Tujiulize, mchezo wa kulenga shabaha una haja gani ya kusoma ujumbe mfupi? Hauna. Lakini mwizi anayo haja hiyo, kwa sababu humo ndimo zinamopita namba za uthibitisho za benki na taarifa za miamala. Anayetawala skrini aweza pia kuona kinachoandikwa juu yake. Hatusemi kwamba kila programu ya hila ni ya wizi wa fedha. Tunasema kwamba mtumiaji hana njia ya kuzitofautisha, na mwenye kuitengeneza amekwisha kuonyesha kwamba haki za wengine hazimshughulishi.

Kampuni zenye michezo hazikukaa kimya. Huchunguza rekodi za mechi, hupokea ripoti za wachezaji, hukagua kama mafaili ya mchezo yamebadilishwa, na huangalia takwimu zisizo za kawaida kwa binadamu. Anayebainika hufungiwa akaunti, pamoja na kila alichokinunua humo. Garena hufungia hata simu iliyotumika, isiweze kuingia Free Fire kwa akaunti nyingine. Jambo hili linamgusa pia mnunuzi wa simu iliyotumika. Kabla hujalipa, fungua mchezo unaoutaka katika simu hiyo, mbele ya muuzaji, uone kama unakubali.

Katika nchi nyingine mkono wa dola umeingia. Korea Kusini ina sheria inayoadhibu kutengeneza na kusambaza programu za hila za michezo, na baadaye iliongeza adhabu kwa wanaofanya biashara ya kuwapandishia wengine madaraja. Nchini China, mwaka 2021, polisi kwa kushirikiana na kampuni ya Tencent walivunja mtandao wa wauzaji wa programu hizo, wakakamata watu 10. Ilielezwa kwamba mtandao huo ulikuwa umeingiza mapato ya takriban dola milioni 76 za Marekani. Tunaitaja habari hii ili ionekane nani anafaidika. Kijana anayenunua hila hupata ushindi wa siku chache; muuzaji ndiye anayejenga nyumba.

Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na inakataza udanganyifu unaofanywa kwa kutumia kompyuta. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azikusanye kwa njia halali na kwa lengo lililo wazi. Anayewauzia vijana programu inayonyakua taarifa zao asidhani kwamba amejificha nyuma ya neno mchezo.

Tuseme pia neno la tahadhari kwa upande wa pili. Si kila anayeshinda ni mdanganyifu. Mtandao ukiwa dhaifu, kama inavyotokea katika baadhi ya vijiji vyetu, mpinzani huonekana akirukaruka, au risasi huonekana ikipiga bila kuleta madhara. Hilo ni tatizo la mawasiliano kati ya simu na seva, si hila. Kumtangaza mtu hadharani kuwa mwizi bila ushahidi ni dhuluma nyingine. Toa ripoti ndani ya mchezo wenyewe, uambatanishe picha ya skrini au rekodi ya mechi, kisha uwaachie wenye vyombo vya uchunguzi. Na aliyefungiwa bila kosa anayo haki ya kuiandikia kampuni kupitia huduma yake ya wateja na kuomba shauri lake lipitiwe upya.

Yapo pia mashindano ya vijiweni, ambako wachezaji huchanga kiingilio na mshindi huchukua zawadi. Wana Ruangwa waliozoea kuitazama Namungo katika Uwanja wa Majaliwa wanajua kwamba mechi ina mwamuzi, na kanuni zake hujulikana kabla ya filimbi ya kwanza. Mashindano ya simu yasiendeshwe kwa utaratibu pungufu ya huo. Kanuni ziandikwe na zisomwe mbele ya wote. Ielezwe mapema nini kitafanyika intaneti ikikatika. Mwamuzi asiwe mchezaji. Fedha ishikwe na mtu anayeaminiwa na pande zote, na kila aliyelipa apewe risiti. Watazamaji wakianza kuweka dau juu ya matokeo, hapo shughuli imehama: michezo ya kubahatisha huendeshwa kwa leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na watoto hawaruhusiwi kushiriki.

Kwa wazazi na walezi, ushauri wetu ni huu. Msimnyang'anye kijana simu kabla ya kumuuliza. Kijana anayeogopa kupigwa huficha kosa hadi fedha iishe. Kaeni naye, mwone ni programu zipi zimepakiwa, na zile zisizotoka duka rasmi ziondolewe. Namba ya siri ya huduma ya fedha isijulikane na mtoto, wala isiwe mwaka wa kuzaliwa. Ikiwezekana, laini inayopokea malipo ya mazao iwekwe katika simu isiyochezewa michezo; simu ndogo ya vitufe inatosha. Piga *106# mara kwa mara uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Iwapo madhara yamekwisha kutokea, msipoteze muda kwa kuona aibu. Zimeni intaneti katika simu hiyo. Kwa kutumia simu nyingine, wapigieni watoa huduma za fedha ili akaunti izuiwe, kisha mbadilishe namba za siri na nywila. Tunzeni ujumbe, namba za miamala na majina ya makundi yaliyotumika, mtoe taarifa kituo cha polisi. Ujumbe wa kitapeli utumeni kwenda 15040. Kama lalamiko linahusu kampuni ya simu, lianzieni kwa kampuni hiyo. Msiporidhika, lipelekeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kama mfanyabiashara amewapotosha katika bidhaa au huduma, Tume ya Ushindani ipo.

Vijana wetu, nanyi tuna neno kwenu. Kujifunza ramani ya mchezo, kupanga mbinu na wenzako, kushindwa mara kumi na kurudi tena, hayo ni mafunzo yanayomfaa mtu hata nje ya mchezo. Anayetumia hila hajifunzi lolote kati ya hayo. Programu ikizuiwa, hubaki pale alipoanzia. Kizazi cha wazazi wenu kimedai mzani wa kweli ghalani. Nanyi udaini mzani wa kweli katika mchezo, kwa kukataa kununua hila, kukataa kuisambaza, na kuiripoti mnapoiona.