Kwanza Sheria ya Nchi, Ndipo Fumbo: Namna ya Kutoa Maoni Juu ya Riwaya za Fantasia na Bunilizi za Kisayansi

Mada hii inahusu haraka ya wasomaji wa riwaya za Kiswahili. Muulize aliyemaliza kusoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ameionaje. Atakujibu kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya Mwingereza, Majivuno ni mtawala dhalimu na Karama ni mtetezi wa haki. Hapo mazungumzo yamekwisha. Jibu hilo si la uongo, ila limeruka jambo ambalo mwandishi ameliweka wazi tangu mwanzo: nchi hii iko angani. Wajumbe wake sita walitumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Tuangalie huyo wa mwisho. Ni nchi inayoning'inia tu ndiyo inayoweza kutuma mjumbe ardhini, kwa sababu kwake ardhi ni ugenini. Na wajumbe hao waliporudi na habari za kuifaa nchi yao, walitiwa kifungoni. Serikali isiyokanyaga chini imemfunga mtu aliyekwenda kuiona ardhi! Picha hiyo ina nguvu kuliko jina la mkoloni yeyote, na msomaji aliyekimbilia kumtaja Mwingereza hakuiona.

Hoja yangu ni kwamba maoni juu ya riwaya za aina hii yaanze kwa kuitambua sheria ya dunia iliyobuniwa. Humo ndani nini kinawezekana, nini hakiwezekani, na anayevunja mwiko analipa nini? Tukishajibu hayo, ndipo tufumbue mafumbo. Katika Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na Adili ameamriwa kuwachapa kila usiku ingawa moyo wake hautaki. Uchawi wa riwaya hiyo una bei, na anayeilipa ni mtu mwema. Msomaji akisema tu kwamba riwaya inakataza husuda, amesema kile ambacho hata methali ingemwambia. Akiuliza kwa nini sheria ya dunia ile inamtesa mtendewa pamoja na watenda, hapo ameanza kusoma.

Haraka hii ya kufumbua tumeipata darasani. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kutafuta dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa, na njia hiyo humfaa kwa kitabu kama Takadini. Riwaya inayohamisha mito na nyota inahitaji hatua moja kabla ya hizo. Namna ya kufundisha ikiachwa kama ilivyo, tutaendelea kupata wasomaji wanaozifungua riwaya kama kufuli, wakishaingia hawatazami tena mlango ulivyochongwa.

Wapo watakaosema kwamba waandishi wenyewe ndio waliotaka tufumbue. Shaaban Robert aliandika chini ya utawala wa kigeni, naye asingeweza kusema kila kitu waziwazi. Katama Mkangi, mwandishi wa Walenisi ya mwaka 1995, aliwahi kuwekwa kizuizini nchini Kenya katika miaka ya 1980. Mtu wa namna hiyo akiandika juu ya chombo cha angani, je, si dhahiri kwamba anasema na serikali yake? Nakubali. Hata jina Walenisi linatamkika kama "wale ni sisi". Lakini fumbo likiwa ni kificho tu, hufa siku anayefichwa anapoondoka. Bendera ya Uingereza ilishushwa mwaka 1961 na Kusadikika ingali inasomwa, tena wasomaji wa kila kizazi huona humo watawala wao. Inadumu kwa kuwa dunia yake inasimama kwa miguu yake. Na Walenisi ina nguvu mahali pale pale ambapo mfumbuaji hupita mbio: mhusika wake Dzombo amehukumiwa kurushwa angani akafe, na chombo cha kumuulia kinageuka kuwa cha kumwokoa pale anapofanikiwa kukiongoza. Hiyo ndiyo bunilizi ya kisayansi. Mtambo haumtambui hakimu wala mfungwa, unamtii anayeuelewa.

Wengine husema kwamba bunilizi za kisayansi ni za nchi zenye roketi, na msomaji wa Igogo, hapa Mwanza, hana la kuongeza. Pingamizi hili nalikataa kabisa. Kazi ya bunilizi ya kisayansi ni kubadilisha jambo moja duniani, kisha kufuata matokeo yake bila huruma. Watu wa Ziwa Victoria wameshuhudia jambo hilo likitendeka. Sangara hakuwa wa ziwa hili; alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa, na furu, waliokuwa na mamia ya aina, wakaliwa hata aina nyingi zikatoweka. Vikaja viwanda, minofu ikasafirishwa Ulaya, na mapanki, yaani mabaki ya samaki aliyetolewa minofu, yakawa kitoweo cha wasio na fedha ya kununua samaki mzima. Badiliko moja la samaki mmoja liligusa maji, ajira, sahani na soko la nje. Anayeujua mlolongo huo anaweza kumkosoa mwandishi yeyote wa bunilizi za kisayansi duniani, maana anajua swali la kuuliza: umebadilisha hiki, mbona kile kimebaki vilevile? Wala tusisahau kwamba Euphrase Kezilahabi, aliyeandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Riwaya mbili za Kiswahili zilizothubutu kuliko karibu zote kuivunja dunia tunayoizoea zimetoka kwa mtoto wa kisiwa cha ziwa hili.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nami sitalipitia juu juu. Katika Kanda ya Ziwa neno uchawi limeua. Wanawake vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo mara nyingi umetokana na moshi wa jikoni. Tangu mwaka 2007 zimesikika habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo kwa imani ya kupata utajiri. Ramli chonganishi, ile inayomtaja mtu kuwa mchawi, imewatenga majirani na kuvunja koo. Mzazi anayeuliza kwa nini tuwape vijana riwaya za majini na waganga mahali kama hapa anastahili jibu la heshima.

Jibu langu ni kwamba ramli chonganishi nayo ni hadithi, ila haikiri kuwa ni hadithi. Ina mhusika mwovu, ina kisababishi na ina adhabu, lakini sheria yake anaijua mganga peke yake. Hakuna anayeruhusiwa kuihoji, na anayetajwa hana nafasi ya kujitetea. Riwaya ya fantasia hufanya kinyume: inajitangaza, inaweka sheria yake mezani, na inamruhusu msomaji kusema kwamba sheria hiyo haikufuatwa. Shaaban Robert aliziita nchi zake Kusadikika na Kufikirika, kutokana na kusadiki na kufikiri, kazi mbili za akili ambazo hatupaswi kuzichanganya. Katika Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake, mfalme asiye na mtoto anawakusanya waganga wa kila aina, na utabiri unafika mahali pa kudai kafara ya watu wawili, mjinga na mwerevu. Ndani ya nchi ya ajabu, yenye utabiri unaotimia, mwandishi ameipa akili nafasi ya kubishana na kafara. Sijui kitabu cha kiada kinachofaa zaidi kusomwa na vijana wa kanda hii. Lakini hakitawafaa iwapo watafundishwa kujibu kwamba mfalme ni fulani na mganga ni fulani. Kumtambua mwovu kwa kumpa jina la mtu wa nje ya kitabu, bila kuuliza ushahidi uko wapi, kunakaribiana mno na kazi ya mpiga ramli.

Kwa hiyo naomba tutakapoingia kwenye makundi ya majadiliano, tuanze na Kufikirika. Kila kundi lijibu kwanza, kwa kutaja ukurasa, nini kinawezekana katika nchi ile na nini hakiwezekani. Neno "fumbo" lisitajwe mpaka swali hilo limejibiwa.