Mtoto Anapoacha Kucheza Tumboni: Sheria na Haki ya Wazazi Kuelimishwa



Tumeombwa tuzungumzie haki ya kuishi, na huenda wengi wenu mlitazamia tuanze na vita au njaa. Tumechagua kifo kisichosemwa sana, yaani cha mtoto anayezaliwa akiwa amekwisha kufa. Umoja wa Mataifa wakadiria kwamba watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wafu kila mwaka duniani, na zaidi ya 40 katika kila 100 hufa wakati wa uchungu wa kuzaa. Huko Marekani, nchi yenye mashine za kila aina, ni kama 21,000 kwa mwaka. (Wao huhesabu tangu juma la 20 la mimba, Umoja wa Mataifa tangu juma la 28, tarakimu hizi zisilinganishwe moja kwa moja.) Tena hatari kwa mama mweusi nchini humo ni karibu maradufu ya ile ya mama mzungu. Tofauti ya namna hiyo hatuwezi kuiita mapenzi ya Mungu.

Katika jimbo la Iowa, akina mama watano waliofiwa na mabinti zao wakiwa tumboni au wachanga walidai sheria, na mwaka 2004 ikaanzishwa rejista ya watoto wanaozaliwa wafu. Walianza vema, kwani asiyehesabiwa hatafutiwi chanzo cha kifo chake. Kisha wakaanzisha kampeni iitwayo Count the Kicks, yaani kuhesabu mateke. Mama hufundishwa kwamba tangu juma la 28, kila siku, saa ile mtoto wake azoeapo kucheza, ahesabu mpaka ifike mara kumi na kuangalia muda uliopita. Lengo ni kuijua desturi ya mtoto wake mwenyewe. Ikibadilika, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Mwezi Julai 2024 Rais Joe Biden alitia sahihi sheria ya taifa inayoyaruhusu majimbo wazi wazi kutumia fedha za afya ya mama na mtoto kuzuia vifo hivi, pamoja na elimu ya namna hiyo. Sheria hiyo haikuongeza fedha mpya. Imefungua mlango tu, na kila jimbo litaamua kuingia au kubaki nje.

Haifai tuwafiche kwamba wataalamu hawajakubaliana. Huko Norway, vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja baada ya akina mama kuelimishwa na hospitali kupewa utaratibu mmoja wa kuwapokea. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotangazwa mwaka 2018, wenye mimba zaidi ya 400,000, haukuonyesha upungufu wa hakika, ila uliongeza upasuaji. Shirika la Afya Duniani halikupendekeza kuhesabu kila siku kuwe kanuni kwa wote. Lilisema mama ajue mtoto wake anavyocheza na atoe taarifa akibadilika.

Kwetu sisi, jambo zito ni lile linalofuata taarifa hiyo. Mama akifika usiku na kuambiwa, "Rudi nyumbani, mtoto amelala tu," elimu yake imemfaa nini? Mbaya zaidi, mtoto akifa, ataulizwa kwa nini hakuhesabu. Sheria inayomfundisha mama bila kumbana mhudumu inamtwika mama lawama.

Tena mtoto haokolewi kwa mateke peke yake. Kaswende, malaria, kisukari na shinikizo la damu huua watoto tumboni, na hugunduliwa kliniki. Ndiyo maana tunasema wazazi, si mama peke yake: mara nyingi baba ndiye mwenye nauli.

Tunaomba basi kila jumuiya iulize katika zahanati yake: wajawazito wanaelezwa nini juu ya mtoto kupunguza kucheza? Nani yuko zamu usiku? Na mtoto aliyezaliwa mfu, je, anaandikwa katika kitabu chochote?