Kompyuta Inapojizima na Kujiwasha: Jua Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

Mazungumzo kwa wenye saiba na biashara ndogo, wadi ya Kiuu, Ruiru



Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha ritani za kodi, na saiba za Githurai 45 hujaa. Kompyuta ikijizima na kuwaka tena fomu ikiwa nusu, mteja huanza upya. Akichelewa, faini haipungui shilingi 2,000.

Kabla ya kuambiwa anunue mashine mpya, mwenye saiba ajiulize: ni mashine moja au ni zote?

Zikizima zote kwa pamoja, tatizo ni umeme. Printa ya leza inapopata moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Ipewe soketi yake, isichomekwe kwenye ekstensheni moja na kompyuta. UPS ikaguliwe pia, kwani betri iliyochoka haishikilii hata sekunde chache. Taa za majirani zikififia vilevile, piga ripoti Kenya Power kwa nambari 97771.

Ikiwa ni moja tu, angalia wakati. Ikizima baada ya kazi nzito, huenda ni joto. Izimwe, ichomolewe, vumbi lipulizwe, na feni itazamwe kama inazunguka.

Windows huweka kumbukumbu ya matukio. Nambari 1074 huonyesha kuwa programu au mtumiaji ndiye aliyeagiza mashine iwashwe upya, mara nyingi kwa ajili ya masasisho. Nambari 41 huonyesha kuwa mashine ilikatika bila kufungwa vizuri. Haitaji mkosaji, lakini inaelekeza fundi kwenye umeme, joto au RAM. Fundi ajaribu pawasaplai nyingine, kisha atoe vipande vya RAM kimoja kimoja. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hatajua kilichoponya.

Si kila mara kosa ni la mashine. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 duniani. Nyingi zilijiwasha tena na tena, ilhali vyuma vyake vilikuwa vizima.

Tahadhari mbili. Pawasaplai isifunguliwe na asiye fundi, kwa kuwa hubaki na umeme hata ikichomolewa. Na kazi za wateja zinakiliwe kwingine leo, kabla ya ukaguzi wowote. Mashine hununuliwa tena, lakini faili iliyopotea hainunuliki.