Dawa ya malaria na akili: hotuba ya afisa wa afya ya umma barazani



Wengi mmeniuliza kuhusu habari kwamba dawa ya malaria inavuruga akili. Zina ukweli, lakini tujue ni dawa gani.

Inaitwa meflokwini, jina lake la dukani lilikuwa Lariam. Humezwa mara moja kwa wiki kujikinga, hasa na wasafiri na wanajeshi. Baadhi yao walipata jinamizi, wasiwasi mkubwa, huzuni, hata kuona vitu visivyokuwepo. Mwaka 2013 Marekani iliiwekea onyo kali kwamba madhara hayo yanaweza kuendelea hata baada ya kuiacha. Askari wa zamani wa Ireland, Uingereza na Kanada walizishtaki serikali zao, wakisema walipewa dawa hiyo bila kuonywa ipasavyo.

Dawa tunayowapa zahanati kutibu malaria ya kawaida ni AL, ambayo ni dawa nyingine kabisa. Meza dozi zote 6 kwa siku 3. Usiiache kwa hofu. Malaria isiyotibiwa huua.

Hata hivyo, kesi za askari wale zina funzo kwetu. Ukipewa dawa yoyote, uliza jina lake na madhara yake. Mwambie mhudumu kama umewahi kuugua akili au kifafa. Mgonjwa akianza kuweweseka, mkimbizeni hospitalini: huenda malaria imepanda kichwani. Ikiwa ni dawa imemdhuru, mhudumu ataripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Kuuliza si ujinga.