Hata Mikono ya Musa Ilichoka

Ninyi wa Palma na Mocímboa da Praia, nanyi wa Mtwara mliovuka Ruvuma, nisikilizeni.

Wengi mmeuona mkono wangu wa kulia unavyotetemeka, mkaulizana chinichini. Leo nawaambia mwenyewe: miezi minne iliyopita daktari aliniambia nina ugonjwa wa Parkinson. Si pepo, si kurogwa, wala hauambukizi. Nipe mkono bila hofu. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, inayosaidia mwili kwenda sawasawa. Chembe hizo zinakufa kidogo kidogo. Basi mwili unakakamaa, hatua zinakuwa fupi, mwandiko unakuwa mdogo, sauti inafifia. Uso nao unakuwa mgumu. Ukiniona sicheki, usidhani nimekununia, ndugu yangu. Moyoni nacheka.

Wengi wanao na hawajui. Kule wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika watu zaidi ya 161,000, wakakuta wagonjwa 33. Taarifa yao ya mwaka 2008 inasema zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa ugonjwa wao. Kwa hiyo mzee wako anayetetemeka barazani, usiseme ni uzee tu. Mpeleke hospitali.

Dawa ipo, inaitwa levodopa. Haiondoi ugonjwa, lakini inalegeza mwili. Mimi naimeza nusu saa kabla ya kula, maana nyama na samaki vinaweza kuipunguzia nguvu, na sisi watu wa pwani mnatujua kwa samaki! Usiiache ghafla, hata ukiombewa ukajisikia mzima. Ni hatari. Ukipona kweli, daktari naye ataona.

Sasa kuna mtu atauliza: Mwinjilisti, imani yako iko wapi? Mpendwa, Paulo aliombea wengi wakapona, lakini Trofimo alimwacha Mileto mgonjwa. Mimi naomba uponyaji kila asubuhi, na kidonge nakimeza. Lakini kumwambia mgonjwa amekosa imani hakumponyi. Hofu na huzuni ndiyo kwanza vinazidisha kutetemeka.

Musa mikono ilipomlemea katika vita na Amaleki, Haruni na Huri hawakumkemea. Walimtafutia jiwe la kukalia, wakamshikilia, mmoja huku na mwingine huku, mpaka jioni.

Ushirika wetu ufanye hivyo. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wengi walikimbia na nguo za mwilini tu. Anayemeza dawa kila siku afanyeje? Naomba kila tawi liwe na daftari: nani anatumia dawa gani, na nani ng'ambo ya mto atampokea. Wewe mgonjwa, karatasi yako ya dawa itembee nawe mfukoni.

Na mimi nipeni kiti, mnisogezee maikrofoni. Neno bado ninalo. Amina.