Gari Linapokataa Kuvuta

Juma hili sizungumzii siasa wala bei ya mahindi. Nazungumzia gari langu, kwa sababu nusura liniue.

Ni Corolla ya mwaka 1988, ya kabureta, niliyohamia nayo Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2017, wakati wengi walipokuwa wakiifuata Serikali huku. Jumamosi moja nilikuwa naelekea Makutupora kuzungumza na wakulima wa zabibu. Mbele yangu lori lenye tela likijikokota, barabara iko wazi, nikatoka kulipita. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Gari likanguruma kidogo, likabaki palepale ubavuni mwa tela. Mbele likatokeza basi, dereva akiniwashia taa mfululizo. Nilirudi nyuma ya lori jasho likinitoka, na abiria wangu, mama mmoja niliyempa lifti, hakusema neno tena hadi tulipofika.

Ugonjwa huo nilikuwa naujua. Wiki mbili kabla, gereji moja mjini walikwisha niambia kwamba ringi zimekwisha, injini ishushwe ifanyiwe oveholi. Hawakuchomoa hata plagi moja. Bei waliyonitajia ililingana na ada ya muhula mzima ya binti yangu aliyeko chuoni, nami nilikuwa nimemwambia huenda ikabidi asubiri.

Pale Makutupora mkulima mwenyeji wangu akanipeleka kwa fundi mmoja mzee, gereji yake ni kivuli cha mwarobaini. Baada ya mbukwenyi na habari za nyumbani, mzee hakugusa spana. Aliuliza.

"Linatoa moshi wa bluu?"

"Hapana, mzee."

"Oili unaongeza mara ngapi?"

"Tangu nibadilishe sijaongeza."

"Basi hizo ringi zimekukosea nini, mwanangu?"

Akaniambia kwanza tuhakikishe kwamba mwenye kosa ni injini. Tukaliweka gari kwenye tambarare, gia huru, akalisukuma kwa mkono mmoja. Likabingirika. Akagusa rimu moja moja, hakuna iliyokuwa na joto kupita wenzake. Maana breki iliyoshika hula nguvu zote na dereva akailaumu injini. Akauliza juu ya klachi: je, nikikanyaga mafuta injini hupiga kelele huku mwendo hauongezeki? Nikasema la, hata kelele yenyewe haipandi. Basi klachi nayo ikaachiwa huru.

Ndipo akafungua boneti. Injini, alisema, inataka hewa, mafuta, moto wa plagi kwa wakati wake, mgandamizo ndani ya silinda, na njia ya kutolea moshi. Kimojawapo kikipungua, nguvu hupungua. Vumbi la kiangazi huku Dodoma huziba chujio la hewa upesi, lakini langu lilikuwa safi, kwani nilikuwa na tabia ya kulipigapiga kwenye tairi kila wiki. Kwa hilo nilikaripiwa: karatasi ya chujio hutoboka, na mchanga ukiingia ndio utakaozimaliza hizo ringi kweli.

Kisha akachomoa plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti (si hili, la washindani wetu). Plagi yenye masizi makavu meusi, alinieleza, inasema mafuta yamezidi hewa. Iliyolowa oili inasema ringi au mipira ya valvu. Yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Zangu zilikuwa nyeupe kama chaki, dalili kwamba mafuta hayatoshi.

Hapo nikabisha: mbona likisimama linaunguruma vizuri? Akacheka. Kabureta ina kibakuli chake cha akiba. Gari likisimama, matone machache hukijaza. Ukipanda mwinuko au ukitaka kupita lori, injini hunywa kuliko bomba linavyoleta, na kibakuli hukauka. Akachomoa chujio la mafuta akalipuliza kwa mdomo. Pumzi haikupita. Lilitoa maji ya kahawia yenye uchafu, na mimi nikakumbuka petroli ya madumu niliyokuwa nanunua vijijini. Ingawa kuchakachua kwa mafuta ya taa kulipungua baada ya kodi yake kupandishwa mwaka 2011, dumu chafu halijui kodi.

Kijana alitumwa kwa bodaboda akaleta chujio jipya. Tukajaribu. Gari likapata nafuu, lakini nilisema bado. Mzee akaniketisha kwenye usukani, akaniambia nikanyage mafuta hadi mwisho, naye akachungulia kabureta. Waya wa eksileta ulikuwa umelegea. Mguu wangu ulikuwa umegusa sakafu, kumbe mlango wa hewa umefunguka nusu tu! Akaukaza kwa nati moja. Yaani kwa miezi kadhaa nilikuwa naendesha nusu ya gari.

Nilipotaka liende kama lilivyokwenda Dar, akatikisa kichwa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu zake. Hiyo hakuna fundi wa kuirudisha.

Siku mbili baadaye nilitafuta mwenye geji, nikapima mgandamizo. Silinda zote nne zilikaribiana. Kama moja ingekuwa chini, hutiwa oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupimwa tena: kipimo kikipanda, ringi ndizo mbovu, kikibaki palepale, tazama valvu au gasketi. Kipimo hicho huchukua chini ya saa moja. Kila mwenye gari kuukuu akidai kabla ya kukubali injini yake ishushwe, hamkosei fundi heshima.

Mzee alinitoza bei ya chujio, nauli ya bodaboda na fedha ya chakula cha mchana, akakataa zaidi. Kurudi mjini jioni nilikuta lori jingine mbele yangu. Nililifuata nyuma hadi karibu na Msalato, palipokuwa peupe, ndipo nikalipita. Jumatatu asubuhi nikaenda benki kulipa ada ya binti.